Theluthi ya Kiwanja

Machi 3

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, ya kuosha majani tu. Ofisini tulitoka wote kibarazani kuitazama kama mgeni aliyechelewa. Mkuu wa idara alinyoosha mkono nje, akasema, "Imekuja," akarudi kitini kwake.

Naanza tena ripoti ya mwaka. Kazi yangu ni kufuatilia mpango wa matumizi ya ardhi wa wilaya: ulisema nini, na nini kimetokea kweli. Mpango wenyewe unasemeka kwa pumzi moja: jengeni kilimani, liacheni bonde. Mashamba ya bondeni yasiguswe, wanaohamia wapande juu. Na kila anayejenga juu aache theluthi ya kiwanja chake wazi, udongo au majani, ili mvua ipate pa kuzama. Kila mwaka nahesabu, naandika asilimia, na baraza la madiwani linapiga makofi. Wenzangu wananiita Mama Asilimia. Yapo majina mabaya zaidi. Mkuu wa idara anaitwa Tutaangalia, na hajui.

Machi 5

Mvua. Nimepitia mashamba ya bondeni kwenye picha za angani. Yote yapo.

Machi 8

Nimekwenda kumwona shangazi katika mtaa wa chini. Ni mtaa mkongwe kuliko mpango wetu, umekaa kati ya mguu wa kilima na kijito, na ramani yetu inautaja kwa maneno mawili: "makazi yaliyopo." Shangazi alikuwa mkunga hadi alipostaafu. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, naye hawaachi wasahau. Leo bwana mmoja wa makamo alipita bila kumwamkia, akamwita, "Wewe! Ulitanguliza miguu kuzaliwa, na mpaka leo miguu ndiyo inayofikiri!" Yule bwana akarudi, akaamkia, akaomba radhi.

Jirani yake ni fundi viatu. Ukuta wa fundi umeinama kidogo upande wa kijito, na redio yake haizimwi. Yeye na shangazi wamegombania ile redio kwa miaka. Alinishonea mkanda wa kiatu nikiwa nimesimama peku juu ya gazeti, huku shangazi akimpazia sauti kutoka upande wa pili wa ua.

Niliwauliza kijito kikoje.

"Zamani," shangazi alisema, "mvua ikianza nilikuwa na nafasi ya kuanua nguo, kuingiza kuku, na kumtukana huyu. Siku hizi maji yanafika kabla sijafikia tusi."

"Hapo namshukuru Mungu," fundi akasema.

Tulicheka. Lakini njiani nilikuwa nikilifikiria lile neno la maji kufika mapema.

Machi 12

Mdogo wangu amekuja kula kwangu. Ana kampuni ndogo ya kutandika vitofali vya zege kwenye nyua za watu, na mwaka huu kazi zake zote ziko kilimani. Amenunua gari la mizigo, ameliegesha chini ya dirisha langu nilione wakati wa kula.

"Dada, kule juu tope limekwisha. Mtu anashuka garini na viatu vyeupe, anaingia navyo ndani."

"Na theluthi?"

"Theluthi ipo."

"Ipo wapi?"

"Kwenye mchoro," alisema, akacheka mpaka akapaliwa. Nikampa maji.

Machi 13

Mvua kubwa usiku. Asubuhi jua.

Machi 17

Nimepanda kilimani na kamba ya kupimia. Nimeingia kwa waliokubali kunifungulia geti. Mambo yako hivi: mkaguzi wa ujenzi huja nyumba ikiwa imekwisha na ua ukiwa bado udongo. Anaona theluthi, tena anaona tatu zote, anatia saini. Akishageuza mgongo, vitofali vinaletwa. Nimeona nyua zilizozibwa ukuta kwa ukuta. Palipobaki wazi ni kishimo cha kuchomekea mti mmoja, na mti wenyewe umefungwa kigingi kama mbuzi.

Mvua ilinikuta huko. Nilisimama chini ya paa la geti nikatazama maji. Hayakukaa hata kidogo. Yalikusanyika, yakapata mteremko, yakatoka kwenye matundu ya kuta kwenda barabarani, na barabara ikayapokea kwa furaha.

Mwenye nyumba moja, mwalimu wa hesabu, alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mama, udongo unaingia mpaka kitandani. Wewe kwako umeacha theluthi?"

Mimi nakaa ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga. Ua wangu ni beseni la kufulia. Nilimwambia ahsante, nikaondoka.

Machi 24

Nimekamilisha hesabu. Kwa viashiria vyetu wilaya inang'aa. Nyumba mpya nyingi mno ziko kilimani, mahali tulipozitaka. Mashamba ya bondeni yameokoka. Lakini hatuna kiashiria cha ardhi iliyozibwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuiuliza. Nimelinganisha picha za mwanzo wa mpango na za sasa: kilima kilikuwa cha rangi ya udongo na majani, sasa ni cha kijivu. Mvua ni ileile ya siku zote. Njia yake tu ndiyo imefupishwa, na mwisho wa njia ni mtaa wa chini.

Nimempelekea mkuu. Alisoma ameinua miwani juu ya paji la uso, kama mtu asiyetaka kuona vizuri.

"Hii si sehemu ya ripoti," alisema.

"Ndiyo maana nimekuletea."

Alizikunja karatasi mara mbili. "Tutaangalia."

Machi 26

Mvua.

Machi 27

Mvua. Paa la ofisi linavuja juu ya kabati la vibali. Tumeweka ndoo.

Aprili 2

Mdogo wangu amesikia nilipita kilimani na kamba. Amenipigia simu badala ya kuja, kwa hiyo nilijua amekasirika.

"Dada, unaniharibia. Wateja wawili wamesimamisha kazi, wanasema dada yako anapima."

"Kazi yangu ni kupima."

"Na yangu ni kutandika. Nina vijana wana watoto. Ukiandika hayo, watakula wapi?"

"Maji yanakwenda kwa shangazi."

"Shangazi amekaa na kile kijito tangu hatujazaliwa! Usimfanye shangazi fimbo ya kunichapia."

Akakata simu. Sikumpigia tena. Nilimwona kama mtu anayetazama mkate wake tu. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyofikiri leo.

Aprili 6

Mkuu hajasema lolote. Nimemkuta akimwagilia ua la dirishani ofisini, na nje mvua inanyesha.

Aprili 9

Mvua ilianza saa nne asubuhi na haikuwa na upepo wala radi, ilishuka tu. Adhuhuri nilimpigia shangazi, akasema maji yako kizingitini na ameshapandisha magodoro juu ya kabati. Nilimwambia atoke. Akasema, "Nitoke niende wapi, barabarani ndiko yaliko." Simu ikakatika.

Nilimwomba dereva wa idara anifikishe. Gari lilikwamia chini ya kilima, kwenye kalvati inayopitisha maji chini ya barabara. Kalvati ilijengwa zamani, kilima kikiwa na nyumba za kuhesabika. Leo ilikuwa imejaa mpaka mdomoni na yaliyobaki yalikuwa yanaipanda kwa juu. Maji yenyewe yalikuwa mekundu, yamebeba mabaki ya ujenzi: mifuko ya saruji, vipande vya mbao, kipande kikubwa cha geti la bati kikizunguka taratibu kama kinatafuta nyumba yake.

Nikashuka kwa miguu. Kwenye uchochoro wa shangazi maji yalinifika juu ya magoti, na yalikuwa yanasukuma. Nilijishika kwenye kuta. Wakati huo nikaona gari la mizigo la mdogo wangu limeegeshwa kinyumenyume kwenye sehemu iliyoinuka, vijana wake wamefunga kamba kutoka kwenye gari mpaka kwenye nguzo ya umeme, na watu wanapita wakiishikilia mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa katikati ya uchochoro, amembeba shangazi mgongoni. Shangazi alikuwa ameshika mkoba wake juu ya kichwa chake na anamwelekeza.

"Kushoto! Kushoto kuna shimo, nimekwambia!"

"Shangazi, tulia, unanikaba."

"Nikikukaba utajua."

Walinipita. Mdogo wangu alinitazama, akanionyesha kwa kidevu nyumba ya fundi viatu.

Mlango wa fundi ulikuwa wazi. Nilisikia redio, kisha nikasikia kitu kama gunia linalotuliwa chini, na redio ikanyamaza. Ukuta wa upande wa kijito ulikuwa umelala. Fundi alikuwa amekwenda kuokoa vifaa vyake kwenye rafu iliyokuwa kwenye ukuta ule. Tulimkuta amekaa, matofali kifuani mpaka miguuni, maji kiunoni. Alikuwa anaongea vizuri. Alisema, "Mama, kile kiatu hakijaachia?" Nikamwambia hakijaachia. Vijana wa mdogo wangu wakamtoa, wakamlaza juu ya ubao wao wa kubebea zege, wakampeleka hospitali kwenye gari lile jipya.

Saa kumi mvua ilikatika. Maji yalikuwa yameshuka kabla watu hawajamaliza kuulizana. Hilo nililitegemea: yanayokuja haraka huondoka haraka. Kulitegemea hakukunisaidia lolote.

Shangazi analala kwangu. Hajamtaja fundi.

Aprili 10

Tope kila mahali katika mtaa wa chini. Kilimani nyua ni safi, mvua imezifagia.

Aprili 11

Fundi viatu amefariki asubuhi. Kifua.

Nilipomwambia shangazi, aliendelea kukunja nguo hadi mwisho wa rundo. Kisha akasema, "Sasa nitagombana na nani?" Akaingia chumbani.

Aprili 15

Diwani wa kata amekuja ofisini, yule wanayemwita Mheshimiwa Lami kwa sababu hajawahi kuhutubia bila kuahidi barabara. Alikuwa amesoma kurasa zangu. Mkuu alikuwa amempa, kumbe.

"Mama, umefanya kazi kubwa," alisema. "Imeonyesha wazi kabisa: mtaa wa chini si mahali pa binadamu kuishi. Nitapeleka hoja barazani utangazwe eneo hatari, watu wahamishwe. Na kwa kuwa pale patakuwa tupu, barabara ya kwenda kilimani inaweza kupita."

"Mheshimiwa, nimeandika maji yanatoka wapi."

"Na umeandika yanafika wapi. Mimi nimeshughulika na yanapofika."

"Ukiwahamisha hawa, yatafika kwa wanaofuata. Kilima bado kinajengwa."

Aliniwekea mkono begani. Ana mkono wa kirafiki sana. "Hayo ni ya kitaalamu, mama. Watu wamepoteza mtu. Wanataka wamwone kiongozi anafanya jambo."

Alipotoka nilimgeukia mkuu.

"Kwa nini ulimpa?"

"Aliomba."

"Nami niliomba ziingie kwenye ripoti."

Akafuta miwani yake kwa muda mrefu. Sikusubiri aseme lile neno lake. Niliona yote wazi: mtu amebakiza kidogo astaafu, anataka apite mlangoni bila kugusa miimo. Nilirudi mezani kwangu nikaandika ukurasa mpya, kwa lugha ambayo hata diwani hawezi kuipinda: mtaa wa chini haukuisogelea hatari, hatari imeteremshwa hadi kwao na vibali vyetu. Nikauweka mbele ya mkuu bila kuketi.

Aprili 19

Mvua ndogo. Shangazi amepanga upya jiko langu. Sioni chumvi.

Aprili 22

Mdogo wangu amekuja, safari hii kwa miguu. Alikaa mlangoni, si ndani. Alisema amerudi kwenye nyua alizotandika mwaka huu na mwaka jana, anaziangalia tu kutoka nje ya geti.

"Ulikuwa unajua?" aliniuliza.

"Nilikuwa nashuku."

"Mimi nilikuwa sitaki kujua. Ipi mbaya zaidi?"

Shangazi akamwita aje amfungie koki ya sinki inayovuja, akaenda.

Aprili 28

Kikao cha baraza. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani; nusu ni watu wa mtaa wa chini, nusu ni wa kilimani, na unaweza kuwatofautisha kwa viatu.

Mheshimiwa Lami alisoma hoja yake vizuri, akamtaja marehemu fundi kana kwamba walikuwa wakinywa chai pamoja. Watu wa kilimani wakapiga makofi. Mwenyekiti akaita idara ya mipango. Nilikuwa nimeshasimama na karatasi zangu, mkuu akanishika mkono wa nguo akanikalisha. Nikajua ndiyo basi, ukurasa wangu umekwisha.

Alikwenda mbele, akausoma. Wote, neno kwa neno, hata pale nilipoandika "vibali vyetu." Alipomaliza aliondoa miwani.

"Mpango huu niliuandika mimi," alisema. "Niliandika kila mtu aache theluthi. Sikuandika nani atarudi kuitazama baada ya nyumba kukabidhiwa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtuma na sikutaka kuuliza. Basi kwa miaka yote hii tumejipongeza kwa mashamba ambayo hayakujengwa. Mashamba yapo. Fundi hayupo."

Yule mwalimu wa hesabu wa kilimani akainua mkono. "Sasa sisi tung'oe? Tulivilipia!"

Kutoka nyuma mdogo wangu akasimama. Hakuwa amenionya. "Mimi ndiye niliyekutandikia, mwalimu. Nilikuambia mkaguzi harudi. Ulinisikiliza kwa kuwa ulitaka kunisikiliza, nami nilisema kwa kuwa nilitaka kazi. Kung'oa theluthi ni kazi ya asubuhi moja. Mimi na vijana wangu tutang'oa, wa kwanza ni wewe."

"Bure?"

"Tutaongea."

Ukumbi ukacheka, na kicheko hicho ndicho kilichovunja hoja, naamini. Diwani alijaribu kurudi kwenye barabara yake, watu wa mtaa wa chini wakamzomea, mwenyekiti akagonga meza. Iliamuliwa hivi: vibali vipya kilimani vinasimama mpaka lichimbwe bwawa la kupokelea maji juu ya kalvati. Kila ua ufunguliwe theluthi kabla ya masika yajayo. Hakuna atakayehamishwa kwa nguvu. Anayetaka kuhama atapewa moja ya nyumba ndogo za halmashauri zilizo tupu kwenye mteremko.

Nilimngoja mkuu ngazini. Nilitaka kumwambia kitu cha maana. Nilisema, "Ahsante, mkuu."

"Kiashiria," alisema, akifunga vifungo vya koti. "Andika kiashiria cha ardhi iliyozibwa. Nikistaafu, kipo." Akafungua mwavuli.

Aprili 29

Nilimpelekea shangazi habari jikoni. Nilimweleza kila kitu: hakuna wa kumtoa, nyumba yake ni yake, ushindi. Aliendelea kumenya vitunguu.

"Nimeshaomba ile nyumba ya mteremkoni," alisema.

"Lini?"

"Leo asubuhi. Nimekuwa wa kwanza kwenye foleni."

"Shangazi, lakini tumepigania..."

"Mmepigania nyumba yangu. Kuna aliyeniuliza? Kila mvua ikigonga bati nasikia ile redio ikinyamaza. Wewe umeandika kuhusu maji, mwanangu, umeandika vizuri, nimesomewa. Mimi nilibebwa mgongoni kama mtoto kwa sababu ya maji hayo. Sitaki haki ya kukaa pale. Nataka usingizi."

Nilichukua kisu cha pili, nikamsaidia vitunguu. Vilikuwa vikali.

Mei 7

Mvua. Bwawa limeanza kuchimbwa. Mdogo wangu amepata sehemu ya kazi.

Mei 12

Mwalimu wa hesabu amefungua theluthi yake. Amenipigia nije kupima. Imezidi kidogo, anataka iandikwe.

Mei 13

Nimeandika.

Mei 20

Jua siku nzima. Majirani wanne wa shangazi wamebaki mtaa wa chini kwa hiari yao na wanajenga tena ukuta wa fundi, kwa zege safari hii. Walioamua kuhama ni zaidi. Sijui ni uamuzi upi, wa kubaki au wa kuhama, niuite mafanikio ya mpango. Ripoti ina safu moja tu.

Juni 4

Mvua zimekwisha. Leo tumemhamisha shangazi. Nyumba ni vyumba viwili, bati jipya, ua mdogo wa udongo mwekundu. Mdogo wangu alikuja na gari na vijana wake, na baada ya kushusha kabati la mwisho shangazi akasimama kizingitini, mikono kiunoni, akautazama ua.

"Vitofali vyako umebakiza?" alimuuliza.

"Vipo, shangazi."

"Nitandikie. Ua wote, ukuta kwa ukuta."

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama mti wa jirani.

"Shangazi," nikasema, "theluthi lazima ibaki wazi."

"Kwa agizo la nani?"

"La halmashauri."

"Halmashauri ndiyo nani?"

"Leo ni mimi."

Akanigeukia. Macho yale yameshawanyamazisha wanaume wengi mlangoni mwa chumba cha kujifungulia. "Maisha yangu yote nimekanyaga tope, mwanangu. Tope langu, na tope la watu wa juu walipolichoka. Sasa niko juu. Nataka nitoke nje na kandambili, nirudi na kandambili safi. Mtu mmoja, mzee, na kiua kama leso. Maji yangu yatamwua nani?"

Hivyo ndivyo kila mmoja wao alivyosema kilimani, karibu kwa maneno hayohayo, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Nikachukua kamba ya kupimia kutoka mkobani. Mdogo wangu alisita, kisha akashika ncha ya pili. Tukapima ua, tukagawa kwa tatu, tukachomeka vigingi upande wa chini, unaotazama mteremko. Vijana wakaanza kutandika huku juu.

Shangazi aliingia ndani akafunga mlango. Mpaka jua linazama hakutusemesha, wala chai hakutupa.

Tulimaliza, tukakusanya vifaa. Theluthi ilikuwa pale, nyekundu, tupu. Wilaya nzima, kati ya nyua zote nilizoziandika, hii ndiyo ya kwanza niliyoilinda kwa mikono yangu, na mwenye nyumba hataki kuniona.

Nimeihesabu.